Goli Lisilo na Mizizi

Alimbongo iko juu. Barabara ya taifa namba 2 ya Kongo, ikitoka Goma na kupita Kanyabayonga na Kirumba, hupanda hapa kwenye milima yenye kimo cha zaidi ya mita 2,000 kabla ya kufika Lubero na Butembo. Ni nchi ya viazi, kabichi na njegere, ya ukungu wa asubuhi na makoti mazito, ingawa mstari wa ikweta uko jirani. Ni nchi ya mikaratusi pia, na ndiyo sababu magoli ya shule nyingi za huku yanafanana: nguzo mbili za mkaratusi zimechimbiwa ardhini, ya tatu imelazwa juu yake ikawa mwamba, basi. Nyavu hazipo. Mtoto akifunga, mpira unaporomokea bondeni na mmoja wao anaukimbilia.

Goli la namna hiyo huonekana la kimaskini. Mwalimu akipata bahati ya kuzungumza na mfadhili, parokia au wanafunzi wa zamani waliofanikiwa Butembo, huomba la chuma, tena linalobebeka. Ni ombi la haki kabisa. Lakini goli la miti lina sifa moja ambayo la chuma linaweza kuikosa: lina mizizi. Miguu yake imezama kwenye udongo, na mtoto akiruka kuushika mwamba, nguzo zikiwa nzima, kinachoweza kutokea zaidi ni mwamba kung'oka misumari. Goli la chuma lililowekwa tu juu ya majani linaweza kumwangukia zima zima, kwa uzito wake wote.

Sababu za kutaka magoli ya kuhamishika zinaeleweka. Katika Kivu Kaskazini shule nyingi za umma zinaendeshwa na mashirika ya dini kwa mkataba na serikali, hivyo uwanja wa shule mara nyingi ndio uwanja wa parokia. Asubuhi unapandishiwa bendera, saa nne unajaa watoto wa mapumziko, Jumapili unapokea waumini waliokosa nafasi kanisani, na katikati ya wiki mbuzi wanachungwa humo. Tangu elimu ya msingi katika shule za umma ilipofanywa kuwa bure Septemba 2019, madarasa yamefurika na viwanja navyo vimefurika. Kisha vita. Kanyabayonga ilipotekwa na waasi mwishoni mwa Juni 2024, maelfu ya watu walikimbilia kaskazini, Lubero na Butembo, na baadhi yao walilala katika majengo ya shule. Desemba ya mwaka huohuo mapigano yakafika Alimbongo kwenyewe. Uwanja unaoweza kugeuka makazi wiki hii na kurudi kuwa uwanja baada ya miezi kadhaa unahitaji vifaa vinavyobebwa na kufungiwa ndani, hasa pale ambapo bomba la chuma lina soko.

Basi hoja si kuyakataa magoli hayo. Hoja ni kujua yanavyoua, kwa sababu yanaua kwa namna moja ileile dunia nzima, na namna hiyo inazuilika kwa vitu ambavyo Alimbongo inavyo tayari.

Marekani walianza kuhesabu mapema. Tume yao ya usalama wa bidhaa za walaji ilikusanya taarifa za kuanzia mwaka 1979 hadi 1994, ikakuta watu wasiopungua 21 waliouawa na magoli ya kuhamishika, wengi wao kwa kuangukiwa. Jambo linalopaswa kumshtua msomaji wa Butembo au Beni ni maelezo yaliyofuata: karibu magoli yote yaliyohusika hayakutoka kiwandani. Yalitengenezwa na wanafunzi katika karakana za shule, na watunza majengo, au na mafundi wa kuchomelea wa mtaani. Yalikuwa mazito, na hayakusimama imara. Kwa maneno mengine, yalikuwa kama yale ambayo shule ya Lubero ingeagiza leo kwa fundi.

Fundi hana kosa. Anaambiwa, "Fanya kitu kigumu, watoto wasikivunje," naye anachagua bomba nene kwa nguzo na mwamba, kisha kwa kubana gharama anaweka vyuma vyembamba nyuma ambako nyavu hufungwa. Uzito wote unabaki mbele. Hapo ndipo hatari ilipo, na hesabu yake inaweza kufanywa ubaoni na mwanafunzi wa sekondari.

Chukua goli dogo la ukubwa wa mpira wa mikono, upana mita 3 na kimo mita 2, lenye uzito wa kilo 60. Kwa kuwa chuma kizito kiko mbele, kitovu cha uzito kiko, tuseme, sentimita 30 tu nyuma ya nguzo. Zidisha 60 kwa 0.3, unapata 18. Gawanya kwa kimo cha mita 2, unapata 9. Maana yake ni kwamba mvuto wa kilo 9 kwenye mwamba, kuelekea mbele, unatosha kuanza kuliinua goli hilo nyuma. Mtoto wa miaka minane akibembea anavuta zaidi ya hapo. Na likishaanza kuinama, kila sentimita linayoinama inapunguza nguvu inayohitajika, mpaka linajiangusha lenyewe. Mwamba unapofika chini, mwendo wake unaweza kuwa umekaribia kilomita 20 kwa saa, sawa na tshukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, iliyopakiwa viazi ikishuka mlima. Na mtoto aliyekuwa akibembea tayari ameanguka chali, yuko chini yake.

Hiyo ni kwenye uwanja tambarare. Alimbongo hakuna tambarare nyingi. Goli hilohilo likiwekwa kwenye mteremko wa nyuzi 10 huku uso wake ukitazama bondeni, na kitovu cha uzito kikiwa mita 1 kutoka ardhini, zile sentimita 30 za usalama zinabaki 12. Mvuto unaohitajika unashuka hadi chini ya kilo 4. Kuvuta nyavu kwa mkono mmoja kunatosha. Kwa hiyo mahali goli linaposimama ni muhimu kama goli lenyewe, na shule ya mlimani inayoweza kufanya jambo moja tu ianze na jembe: isawazishe kipande cha ardhi chini ya kila goli, na uso wa goli usielekezwe kamwe mteremkoni.

Yaliyotokea kwingine yanaifuata hesabu hii bila kupotoka. Katika mji wa Vernon Hills, jimbo la Illinois nchini Marekani, mtoto wa miaka 6 aliuawa mwaka 2003 na goli la zaidi ya kilo 80 lililomwangukia mazoezini. Wazazi wake hawakunyamaza. Mwaka 2011 jimbo hilo lilipitisha sheria ya usalama wa magoli ya kuhamishika, ambayo watu wanaiita kwa jina la mtoto huyo, Zach. Inawataka wenye magoli wawe na utaratibu wa kuyafunga na kuwaelimisha watumiaji, na inazuia kuuzwa kwa magoli mapya yasiyohimili kupinduka.

Japani, Januari 2017, katika shule ya msingi ya mji wa Okawa, mkoa wa Fukuoka, wanafunzi wa darasa la nne walikuwa katika somo la michezo, wakicheza soka kwa magoli ya mpira wa mikono. Upande wa mvulana mmoja ulifunga bao. Yeye, akiwa golini upande wa pili, alirukia nyavu za goli lake kwa furaha, goli likamwangukia, akafa. Lilipaswa kuwa limefungwa kwenye vigingi. Kamba ilikuwa imekatika. Mwaka 2022 mahakama iliuamuru mji huo kulipa fidia. Shule hiyo haikuwa ya watu wasiojua taratibu. Kamba ilikatika na haikufungwa upya.

Hapa Kongo nako sheria haijakaa kimya. Kitabu cha tatu cha sheria za madai, kinachotokana na amri ya tarehe 30 Julai 1888 na bado kinatumika, kinasema katika kifungu cha 260 kwamba mtu anawajibika kwa madhara ya vitu vilivyo chini ya ulinzi wake, na kwamba walimu wanawajibika kwa madhara yanayosababishwa na wanafunzi muda wote walio chini ya uangalizi wao. Direkta anayepokea magoli mapya mbele ya wazazi na mapadri, picha zikipigwa, anapokea pia jukumu hilo. Na wale wanaosimamia mpira wenyewe wanadai jambo hilohilo: Sheria ya Kwanza ya soka, inayotumika kuanzia uwanja wa Matokeo wa Butembo na Kalinda wa Beni hadi Kombe la Dunia, inataka magoli yote, yakiwemo ya kuhamishika, yafungwe imara ardhini. Mwamuzi yeyote ana haki ya kukataa kupuliza filimbi mbele ya goli linaloyumba.

Kuyafunga vipi? Ushauri wa nchi tulivu ni kupigilia vigingi vya chuma virefu, au kuskrubu nanga ardhini. Huku ushauri huo unahitaji tahadhari ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji. Mahali palipopita mapigano, ardhi inaweza kuficha guruneti au kombora ambalo halikulipuka, na uwanja wa shule ulio kilimani, penye mwinuko na upeo wa kuona mbali, ndiyo sehemu ambayo askari hupenda kukaa. Kupigilia chuma kwa nyundo au kuchimba shimo katika uwanja wa aina hiyo kabla haujakaguliwa ni kubahatisha maisha. Wataalamu wa mabomu ya ardhini wa Umoja wa Mataifa, UNMAS, wamekuwa wakiwafundisha wakazi wa mashariki mwa Kongo mambo machache rahisi: usiguse, weka alama kwa mbali, toa taarifa. Mwalimu wa michezo ana sababu ya kuyajua hayo kabla ya kuchukua sururu.

Kwa hiyo uzito uwekwe juu ya ardhi. Viroba vya viazi viko kila mahali Alimbongo. Viroba viwili vyenye kilo 40 za changarawe kila kimoja, vikilazwa juu ya bomba la nyuma la lile goli la mfano, mita 1 nyuma ya nguzo, vinabadili hesabu yote: mvuto wa kuliangusha unapanda kutoka kilo 9 hadi 49. Kiroba kisijazwe hadi shingoni. Kikijazwa nusu au zaidi kidogo kinakunjika na kulikumbatia bomba, wakati kilichojaa sana hubingirika kwa teke moja. Kifungwe kwenye bomba kwa kamba za mpira wa tyubu, zile zinazoshikilia mizigo kwenye pikipiki, ili watoto wasikitoe kukifanya kiti. Na kibadilishwe mara kwa mara, kwa maana jua la mlimani hukila kiroba cha plastiki. Baada ya miezi kadhaa nyuzi zake zinapukutika mkononi na changarawe imeshamwagika nusu bila mtu kuona.

Goli lisilotumika halina sababu ya kubaki limesimama. Ajali nyingi hazitokei wakati wa mechi. Zinatokea watoto wakiwa peke yao, saa za mapumziko au baada ya masomo, wakichezea chuma kama bembea. Magoli mawili yakisogezwa uso kwa uso na kufungwa kwa mnyororo, hakuna linaloweza kuangukia mbele. Au yalazwe kifudifudi, mwamba chini. Kazi ya kuyabeba ni ya watu wazima. Kuwapanga watoto peku kumi kila upande waliinue goli kwa wimbo kunapendeza machoni, ila mmoja akiteleza kwenye tope la Oktoba, bomba linatua juu ya mguu wake.

Goli la mkaratusi nalo lisisahaulike kwa sababu tu lina mizizi. Mti uliochimbiwa kwa kawaida hauanzi kuoza juu wala chini kabisa. Unaanza pale udongo unapokutana na hewa, kwenye kiasi cha kiganja kimoja. Juu mti ni mkavu na wa kijivu, unaonekana mzima. Ukifukua udongo kidogo na kuchoma msumari mrefu kwenye shingo ile, mti mzima unaukataa msumari baada ya milimita chache. Mti uliooza unaumeza, na vumbi la kahawia lenye unyevu linatoka nao, wakati mwingine pamoja na mchwa. Nguzo iliyofika hapo inasubiri mtoto wa kuegemea. Kuipaka mafuta machafu ya injini kabla ya kuchimbia huongeza maisha yake, lakini hakuondoi haja ya msumari huo, angalau mwanzoni mwa mwaka wa masomo Septemba na tena baada ya mvua za Aprili na Mei.

Bomba la chuma lina ugonjwa unaofanana. Maji ya mvua huingia kwenye viungo, yakakaa ndani na kutafuna kwa kutu kutoka upande usioonekana. Rangi ya nje inabaki inang'aa. Tundu dogo chini ya kila nguzo linayatoa maji hayo. Kugonga kwa nyundo kunasema mengine: bomba zima linalia, lililoliwa linatoa sauti ya mkebe. Ndoano za chuma za kushikia nyavu ziondolewe, kwa kuwa mlinda mlango anayeruka akatua vibaya anaweza kuacha kidole juu yake. Kamba inatosha.

Kuna pia nguzo za voliboli zilizosimikwa kwenye tairi la gari lililojaa zege. Ni ubunifu mzuri wa Afrika nzima na ungestahili heshima zaidi. Kasoro zake ni mbili. Wavu ukikazwa, nguzo zinavutana kuelekeana, na kamba ya wavu ikikatika ghafla nguzo inarudi nyuma kwa nguvu. Kamba moja ya kuivuta kwa nje, iliyofungwa kwenye kiroba kizito, inatuliza hilo. Pili, tairi limeumbwa kuviringika, na watoto hupenda kuliviringisha. Kilo mia na zaidi zikianza safari kwenye mteremko wa Lubero hazisimami kwa kelele.

Mvua ikitishia, desturi ni kuwatuma watoto mbio kukusanya vifaa. Desturi hiyo iachwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia picha za setilaiti za miaka 16, uliiweka Kabare ya Kivu Kusini nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Milima ya Kivu ni nchi ya radi, na watoto walioshika bomba refu kwenye uwanja wazi wa kilimani wako mahali pabaya kuliko pote. Arua, Uganda, Agosti 2020, watoto 10 waliokuwa wametoka kucheza mpira waliuawa na radi moja ndani ya kibanda cha nyasi walimojikinga. Ngurumo ya kwanza ikisikika, goli liachwe lilipo, watoto waingie katika jengo imara.

Kama ajali imeshatokea, goli linyanyuliwe na watu wengi kwa pamoja, moja kwa moja juu, mtoto asiburutwe kwa mikono kutoka chini yake wala shingo yake isigeuzwe. Aliyepigwa kifuani au tumboni apelekwe kituo cha afya hata akisimama na kusema hajambo, kwa sababu damu ya ndani haionekani. Aliyepigwa kichwani akianza kutapika au kusinzia, muda umekuwa mfupi, na barabara ya kwenda Lubero au Butembo wakati wa mvua inajulikana ilivyo.

Yote haya yanahitaji mtu mwenye jina. Shule za Kongo zina vyombo viwili tayari, komite ya wazazi, COPA, na komite ya uongozi, COGES, na mara nyingi vikao vyake huishia kwenye michango na mapaa yanayovuja. Kuongeza mstari mmoja kwenye daftari hakugharimu kitu: nani anatazama kamba na viroba kila Jumatatu kabla ya bendera, nani anashika ufunguo wa mnyororo. Yule aliyetajwa akihama, kama watu wengi wa huku walivyolazimika kuhama, jina la mwingine linaandikwa siku hiyohiyo.

Na fundi wa Butembo aambiwe mapema, kabla chuma hakijakatwa. Bomba jepesi liende kwenye mwamba, zito liende nyuma chini. Kina cha kitako kiongezwe, kwa goli la kimo cha mita 2 kisipungue mita 1. Achomelee vikuku vinne nyuma vya kupitishia kamba za viroba, atoboe matundu ya maji, na goli liwe la vipande vinavyofungwa kwa boliti ili lipande gari hadi Alimbongo bila kukatwa. Juu ya mwamba aandike kwa rangi nyekundu, kwa Kiswahili, Kinande na Kifaransa, kwamba hairuhusiwi kuning'inia. Kabla ya malipo ya mwisho, watu wazima wawili wauvute mwamba kuelekea mbele palepale kwenye karakana, goli likiwa na viroba vyake. Likiinuka nyuma, halijakamilika.